Nyongeza Kwenye Moto wa Chini

Mama yangu aliuza makaa sehemu iitwayo Congo, kule Kawangware, Nairobi, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa kanisa. Alipimia kwa mkebe wa rangi. Mkebe ukishajaa alirudi kwenye gunia, akachagua kipande kimoja kizuri, akakiweka juu kabisa na kukipigapiga kwa kiganja. Hiyo ilikuwa nyongeza. Mteja asipopewa nyongeza huyo ni wa jirani, hata kama jirani anauza makaa yenye mawe ndani. Nimekua nikijua hivyo kabla sijajua kusoma: kipimo kikionekana kimepungua, unaongeza, tena bila kuombwa.

Makaa hayo ndiyo yaliyonipa kazi yangu ya kwanza ya maana. Daktari mmoja wa mambo ya kale, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya vumbi siku zote, alikuja kwa mama akataka kipande kimoja cha mgunga, kimoja cha mkaratusi, kimoja cha mzeituni wa porini. Alitaka kuvilinganisha na makaa aliyoyatoa ardhini.

"Vipande vitatu!" mama alishangaa alipoondoka. "Atapikia nini, yai la njiwa?"

Mimi nilishamfuata mpaka barabarani na maswali yangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeishia darasa la nane, nakaa na dada yangu Gatwekera, Kibera, na kila wiki nilikuwa na ndoto mpya. Wiki hiyo nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Mwezi haukuisha nilikuwa Bonde la Ufa, ndani ya pango, nachekecha mchanga na kuimba.

Nilidhani tutatoa mafuvu. Tulitoa mchanga, mawe yenye makali, mifupa ya swara, halafu siku moja tukafika mahali udongo ulipokuwa mweusi wa duara. Daktari alipiga magoti. "Hapa watu walikoka moto," akasema, kwa sauti ndogo kama tumewakuta bado wamelala. Kwenye moto huo kulikuwa na makaa mengi. Tukaendelea kushuka, siku baada ya siku, na karibu mkono mzima chini yake tukakuta duara lingine, dogo, karibu lote majivu. Makaa yake yalikuwa chembechembe. Tukauita moto wa juu na moto wa chini.

Daktari alinielezea namna makaa yanavyosema umri wake, tumekaa kwenye ndoo tukinywa chai ya rangi. Hewani kuna kaboni, na ndani ya kaboni hiyo kuna aina moja inayopungua yenyewe polepole. Mti ukiwa hai unaivuta kila siku, kwa hiyo haupungukiwi. Siku unapokatwa, basi, haupati tena. Kinachobaki ndicho kinachopimwa.

"Kama mtungi uliotoboka," nikasema. "Ukiwa chini ya mfereji haujulikani. Mfereji ukifungwa ndiyo unaanza kupungua."

Daktari akaweka kikombe chini. "Nani alikuambia umalizie darasa la nane?"

Sikuambiwa na mtu, ni karo tu. Lakini sentensi hiyo niliibeba Gatwekera nzima, nikimsimulia dada yangu mpaka akaanza kuniita Daktari wa Makaa.

Tuliporudi Nairobi daktari aliniweka kwenye ghala la mradi, nyumba kuukuu ya mawe upande wa Westlands. Kazi yangu ilikuwa kukagua mifuko, kunakili vibandiko vilivyofifia na kufunga sampuli upya kwenye karatasi ya foili. Gazeti lilikatazwa, pamba ilikatazwa, na makaa yenyewe hayashikwi kwa vidole ila kwa kibanio. Nilifuata yote hayo. Daktari alikuwa ameshasema kwamba mwezi unaofuata angeniandika kazi ya kudumu.

Ijumaa moja alikuja na karatasi za maabara. Mgeni wake angeruka Jumanne kwenda ng'ambo, angebeba sampuli. Alifungua foili ya moto wa chini, akaguna. "Ni kidogo sana. Sijui kama yatawatosha." Akaifunga, akatoka kwenda kupokea simu.

Nilitazama ile foili. Ilinihuzunisha, kweli. Ilikuwa kama mkebe uliojazwa nusu, na mteja mwenyewe ni daktari wangu. Kando yake kulikuwa na mfuko wa moto wa juu, umevimba. Pango moja, shimo moja. Nilichukua kibanio, nikachagua kipande kimoja kizuri kutoka kwa wale wenye nacho, nikakiweka kwa wasio nacho. Chembe zake kadhaa zilimeguka zikachanganyika na zile nyingine. Nikafunga vizuri. Nilijisikia mtu mwema.

Aliporudi akabonyeza foili. "Kumbe yapo! Nilikuwa nimeona vibaya."

Nilicheka kimoyomoyo. Halafu akaanza kujaza fomu huku akiongea, kama kawaida yake. "Unajua kinachonisumbua ni ule mchanga katikati ya moto na moto. Hao wa chini na hao wa juu huenda hawajuani kabisa. Labda kati yao kuna miaka elfu kadhaa pango likiwa tupu. Ndiyo maana nikichanganya hata kipande kimoja kichanga na yale mazee, maabara itanipa umri wa mtu ambaye hakuwahi kuishi."

Kibanio kilikuwa bado mkononi mwangu.

Mimi nilidhani ni familia moja! Nilidhani mama amepika leo hapa, na baada ya siku chache akapika pale. Nilifungua mdomo niseme, daktari akainua kichwa na kutabasamu: "Umefunga vizuri sana hizi." Mdomo ukajifunga. Nikabeba mkoba wangu nikaenda.

Jumamosi sikuweza kutulia mahali. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilipanga vyombo, nikavipangua. Dada yangu alikuwa mlangoni akichambua sukuma wiki.

"Manze, kaa chini, unanizungusha macho. Umeiba kitu?"

"Sijaiba. Nimeongeza."

"Na kuongeza kumekuwa makosa tangu lini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kikiwa hewani. "Sasa hao watu si walikufa? Nani atakuja kulalamika?"

"Daktari ataandika uongo, na hajui."

"Na wewe ukisema utaandikwa kazi?"

Nilivaa raba nikatoka. Nilipanda mpaka Ngong Road, nikaikata Dagoretti Corner, nikatembea mpaka Kawangware kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Njiani nilijiambia maneno mengi. Kwamba kipande ni kimoja tu. Kwamba maabara wana mashine, watajua wenyewe. Kwamba Jumanne itapita na Jumatano nitakuwa na furaha tena, maana mimi furaha yangu huwa hairudi nyuma sana. Nilipofika Gatina nilikuwa nimejishawishi kabisa, na nilipofika Congo nilikuwa nimejishawishi kinyume.

Mama alikuwa akichekecha chenga za makaa. Alinisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Umefanya vizuri," akasema. "Kipimo kilikuwa pungufu."

"Mama, hawauzi! Wanataka kujua huo moto uliwashwa lini. Mimi nimeweka wa watu wengine ndani yake."

"Aah." Akasimama kidogo. "Kama yale ya fundi."

"Fundi gani?"

"Ulikuwa mdogo. Kulikuwa na fundi wa nguo hapo mbele, alikuwa na pasi ya makaa. Alitaka mgunga peke yake. Mimi nikampimia mgunga, halafu nyongeza nikamwekea mkaratusi, ndio uliokuwa karibu. Si unajua mkaratusi unavyorusha cheche? Ikatoboa gauni la arusi la watu, hapa kifuani." Akajigusa. "Siku ya Ijumaa, arusi kesho."

"Wakakujia?"

"Wanijie kwa nini? Walimjia fundi. Wakamwambia hajui kazi. Wateja wakamkimbia, akahama." Akarudi kwenye chenga zake. "Mimi nilinyamaza. Hata ningesema, gauni lilikuwa limeshatoboka."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza habari ya mvua. Lakini mikono yake ilichekecha haraka zaidi, na sikupenda nilivyomwona usoni.

Nilirudi Kibera nikimwona daktari wangu kichwani mara mia akiambiwa hajui kazi. Jumapili baada ya ibada nilipanga foleni kwenye kibanda cha simu nimpigie daktari nyumbani kwake, sarafu zimelowa mkononi. Akapokea mtoto. "Mama ametoka. Wewe ni nani?" Nikakata. Nikapanga tena, nikafika mbele, nikawaachia waliokuwa nyuma yangu. Mzee mmoja akaniuliza, "Binti, unapiga simu ama unalinda kibanda?"

Jumatatu nilifika ghala kabla halijafunguliwa, nikazunguka ua mpaka mlinzi akaniomba niketi. Daktari aliposhuka kwenye gari sikumsubiri afike mlangoni.

"Moto wa chini nimeuongezea makaa ya moto wa juu. Ijumaa. Ulisema hayatoshi."

Alisimama na funguo mkononi. Alidhani natania, maana mimi hutania. Alipoona sicheki aliingia ndani, akafungua foili juu ya meza, akawasha taa.

"Ni kipi?"

Nilikitafuta. Mtoto wa mama makaa! Niliyajua magunia mazima kwa kuyagonga tu, na sasa mbele yangu kulikuwa na vipande vilivyomeguka na vumbi, vyote vyeusi, vyote vya mgunga. Kimoja nilikikumbuka. Nacho kingeweza kuwa kingine.

"Sijui," nikasema. "Nikikuonyesha nitakuwa nakudanganya tena."

Alikaa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akavuta kitabu kikubwa cha sampuli na kunipa kalamu. "Andika. Kwa mkono wako, kwa Kiswahili, kama ulivyoniambia." Nikaandika: Niliongeza kipande kimoja kutoka mfuko wa juu kwa kudhani nasaidia. Yeye akaandika chini yake: Isipimwe.

"Nimefukuzwa?" nikauliza.

"Ghala nitamtafutia mtu mwingine." Alisema hivyo huku akitazama dirishani. Nililia, sitaki kuficha. Halafu akasema, "Jumatano uje na nguo za kuchimbia. Tuliacha ukuta mmoja wa udongo shimoni bila kuuchimba, kama tunavyoacha siku zote. Huenda ule moto uliingia ndani yake kidogo. Mvua zikianza hatufiki."

Jumanne mgeni alibeba moto wa juu peke yake. Jumatano tulikwenda. Siku tatu nilikwangua ule ukuta kwa mwiko mdogo, mawingu yakikusanyika upande wa pili wa bonde. Siku mbili hapakuwa na kitu. Ya tatu, kwenye majivu, nikaona kipande kimoja chenye ukubwa wa harage. Nilimwita daktari akitoe mwenyewe. Alikataa. "Kitoe wewe." Nikakitoa kwa kibanio, yeye akinishikia foili. Kipo peke yake, akasema, na kuna maabara yenye mashine mpya, itatosheka nacho.

Majibu yalichukua miezi. Nilikuwa nimeshaanza kuuza mitumba pamoja na dada yangu, siku daktari aliponiita anisomee barua ya maabara. Moto wa chini ulikuwa mzee kuliko wa juu kwa maelfu ya miaka, kama alivyobashiri. Nilitoka pale nikikimbia, na sikupumzika mpaka Congo.

Mama alisikiliza huku akimpimia mteja. "Sasa kile kipande kiko wapi? Watakurudishia?"

"Hapana, mama. Ili wakipime walilazimika kukichoma."

Alishusha mkebe. "Yaani mmepandisha makaa kwenye ndege yaende kuchomwa Ulaya?"

"Ndiyo."

"Na hapa nauza nini, mahindi?"

Mteja alicheka mpaka akaketi kwenye gunia. Mama naye akashindwa kujizuia, akacheka akijifuta macho kwa mkono mweusi, na uso wake wote ukawa masizi. Alipotulia alimwuliza mteja makaa anataka ya nini. Mteja akasema ni ya pasi. Mama akaumwaga mkebe wote chini, akaanza kuchagua upya, kipande kimoja kimoja.