Chuo cha Karibu na Nyarugusu

Wakala wa chuo alikuja kwangu Ibadakuli Jumamosi asubuhi, nikiwa nafagia uwanja. Alivaa suti ya bluu na viatu vyeupe, mkononi ana vipeperushi vyenye picha za majengo. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," halafu, kabla sijamtolea kiti, akaanza kunitajia matokeo ya binti yangu ya kidato cha nne, somo baada ya somo.

"Kwa baiolojia na kemia hii, mama, huyu ni mtu wa maabara. Na wewe kama shangazi yake umefanya kazi kubwa."

Matokeo yako wazi kwenye mtandao, hilo nalijua. Lakini kwenye mtandao hakuna palipoandikwa kwamba mimi ni shangazi.

Ni kweli, binti huyu sikumzaa. Ni mtoto wa kaka yangu, naye kaka ni marehemu. Mama yake aliondoka mtoto angali anatembea kwa kushika ukuta, na kwetu ilisemwa kwamba alimfuata mnunuzi wa dhahabu. Basi nikamchukua mimi, nikamlea peke yangu. Nafundisha shule ya msingi, na kazi hiyo imenizoesha kutoamini haraka. Mtoto akikuambia tumbo linamuuma siku ya mtihani, huangalii tumbo, unaangalia macho.

Nikayaangalia macho ya wakala, kisha picha zake. Jengo lilikuwa la ghorofa, limepakwa rangi nzuri, na nyuma yake ilisimama minazi mirefu. Chuo chenyewe, alisema, kiko kwenye mji mdogo upande wa Geita, karibu na machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Mimi nimezaliwa Usukumani na huko Geita nimefika mara nyingi. Minazi kama ile sijawahi kuiona.

"Hii picha mmeipiga hapohapo chuoni?"

"Ndiyo mama. Ya upande wa nyuma."

Nikamshukuru, nikamwambia tutafikiria. Alipoondoka, binti alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na niliona hakushangaa hata kidogo kumwona mgeni yule.

"Mnafahamiana?"

"Nilimwandikia kwenye simu, shangazi."

"Ukamweleza na habari za nyumbani?"

Akaniondolea ufagio mkononi, akaanza kufagia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuuliza habari za vyuo kwa walimu wenzangu, na vilikuwepo viwili vitatu vya serikali ambavyo waliosoma huko tunawaona leo hospitalini wakifanya kazi. Nilimtajia. Msichana huyu hubishana nami kuhusu kila kitu, hata chumvi ya mboga, lakini siku ile hakubisha. Nilipomuuliza kwa nini anakitaka kile cha minazi, alijibu, "Nimekipenda tu."

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoanza kupungua. Jioni simu yake ikiita, alikuwa akitoka nje na kwenda kuipokelea kwenye uzio wa minyaa, akiongea Kisukuma kwa sauti ya chini. Nikimuuliza ni nani, ananiambia ni dada anayesoma chuo kile. Kisha ukaja mzigo kwa basi: doti mpya ya kitenge na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Nikajiuliza ni mwanachuo gani huyo wa kumtumia mtu kitenge. Nikakata shauri mwenyewe kichwani: kuna mwanamume, tena mchimbaji, na chuo ni kisingizio cha kumfuata machimboni. Damu ya mama yake, nikawaza. Sikulisema kwa mdomo, lakini nililiwaza kila nilipomwona ameshika simu.

Shule zilipofungwa nikamwambia, "Chuo hakichaguliwi kwa picha. Twende tukakione."

Nilidhani atatafuta sababu ya kukataa. Badala yake alifurahi, akaanza kupiga pasi nguo. Furaha ile nayo ikaniongezea mashaka.

Tulibadilisha gari Kahama, tukafika kabla ya saa sita mchana. Ghorofa lilikuwepo, ila chini yake kulikuwa na duka la pampu za maji na mipira ya kutolea maji migodini, na chuo kilikuwa juu. Minazi, hakuna. Mkuu wa chuo alitupokea kwa soda na maneno mengi. Nikamwomba atuonyeshe maabara. Akatupeleka kwenye chumba kisafi mno, chenye kabati la kioo lililofungwa, na ndani yake hadubini zimepangwa mstari mmoja.

"Tunaweza kuziona zikifanya kazi?"

"Leo mwenye ufunguo amesafiri, mwalimu."

Nilipitisha kidole juu ya kabati. Vumbi lilikuwa la siku nyingi kuliko safari ya mtu mmoja. Nikaomba kwenda msalani, na huko nikamkuta msichana aliyevaa koti jeupe akinawa uso bombani. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," naye akaitikia akitabasamu, maana pale pengine hakutegemea kusikia lugha ya nyumbani.

"Mwanangu, zile hadubini mnazitumia siku gani?"

Akatazama nyuma yake kwanza. "Tunaangalia video, mayu. Tumeambiwa tukienda hospitali tutashika. Ila hospitali yenyewe bado hatujaambiwa ni ipi."

Nilirudi nikiwa na ushindi moyoni, nakiri. Nikamvuta binti pembeni, nikamwambia niliyoyasikia. Aliitikia kwa kichwa tu. Hakuhuzunika, hakukasirika, hakuuliza swali. Macho yake yalikuwa barabarani. Nikaelewa kwamba chuo kile, kiwe chema au kibaya, kwake ilikuwa mamoja.

"Tumeshaona," nikasema. "Turudi."

"Shangazi, naomba tufike Nyarugusu kwanza."

"Nyarugusu kuna nani?"

Akatazama viatu vyake. "Twende tu, utamwona."

Tulichukua bodaboda mbili. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo mwanamume. Tulipoingia Nyarugusu, karasha zilikuwa zinasaga mawe kwa kishindo na vumbi limewapaka watu weupe mpaka kwenye kope. Kila kijana aliyetutupia jicho nilimhesabu kuwa ndiye. Mmoja alimsalimia binti kwa furaha, nikamkazia macho mpaka akaondoka.

Binti aliuliza njia mara mbili, akanishika mkono, akaniongoza hadi kwenye mgahawa wa mabati. Ndani, mwanamke mwembamba aliyejifunga khanga kiunoni alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa, mguu mmoja ameegemeza kwenye jiko lisiyumbe. Aligeuka. Mwiko ukabaki hewani. Nilimtambua kabla hajasema kitu, kwa sababu binti yangu ana paji la uso lilelile.

Alikuwa ni wifi yangu, mama yake.

Alipiga magoti palepale kwenye majivu. "Shikamoo wifi. Umekuja kunikataza nisiongee na mtoto?"

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa ya kumwambia mwanamume. Nilikaa kwenye benchi. Nikamuuliza yuko wapi yule mnunuzi wa dhahabu.

"Mnunuzi gani?" Akasimama taratibu. "Kaka yako alinirudisha kwetu. Kwetu wakaona ng'ombe wa mahari watadaiwa, wakanirudisha kwake. Akanirudisha tena. Nikachoka kurudishwa, wifi. Nikaja huku kupika. Mtoto nilimwomba, mkaninyima."

Nilimtazama macho kama ninavyowatazama wanafunzi wangu. Sikuona uongo, lakini sikuwa tayari kuona ukweli pia. Kaka yangu hayupo, hawezi kujibu. Nikauliza alivyoanza kuwasiliana na mtoto, akasema binti ndiye aliyemtafuta, kwa kuulizauliza watu wa machimboni kwenye simu, na wamekuwa wakiongea tangu akiwa kidato cha tatu. Ile sauti ya chini kwenye uzio, kile kitenge, ile michembe, vyote vilikuwa vya mama.

"Na hiki chuo," nikasema, "ni wewe uliyemwambia akisome ili awe karibu nawe?"

"Chuo kipi?"

Binti alipomtajia, mama yake aliweka mwiko chini.

"Kile cha juu ya duka la pampu? Mabinti wake wanakuja kula hapa. Wanalia kila siku kwamba hawajawahi kushika hata tone la damu. Nani kakuambia ukasome pale?"

"Ni karibu na wewe," binti akasema. "Nilitaka nije kukusaidia jioni."

"Sitaki kusaidiwa jioni. Hapa nakaa kwa sababu sikusoma. Utaomba chuo atakachosema shangazi yako, na mimi utanikuta hapahapa." Kisha akanigeukia. "Wifi, usimwache akaharibika kwa ajili yangu."

Binti alilia, akala ugali akilia. Sisi wawili tulimwacha alie, kila mmoja akimwangalia mwenzake chinichini. Nilijiuliza kama maneno yale yalikuwa ya kweli au ya kunipendeza mimi. Nadhani naye alijiuliza nitamruhusu mtoto arudi pale au la.

Tuliporudi tuliomba vyuo vya serikali, na cha kwanza kikawa cha Mwanza, chenye maabara inayohudumia wagonjwa kila siku. Safari hii hatukuangalia picha. Tulimpigia kijana wa jirani yetu aliyemaliza huko, na binti akamhoji mwenyewe kwa muda mrefu. Alichaguliwa.

Siku mbili kabla ya binti kuondoka, wifi alikuja Ibadakuli kwa mara ya kwanza tangu zamani zile. Alileta godoro na ndoo, akaomba kuonyeshwa kaburi la kaka yangu. Nilimpeleka, nikasimama mbali kidogo. Alichuchumaa, akang'oa majani, akasema jambo kwa Kisukuma ambalo upepo haukunifikishia. Nilitamani sana kujua alichomwambia. Nikajizuia kuuliza.

Asubuhi ya safari tulimsindikiza stendi sote wawili, kila mmoja ameshika upande mmoja wa begi. Basi lilipoondoka tukabaki tumesimama. Mwishowe wifi akaniuliza soko la samaki liko upande gani. Nikamwonyesha, kisha nikaona heri niende naye.