Siagi ya Kutoa Jicho

Juzi nilisimama dukani Kebirigo, miwani puani, nikisoma maandishi madogo kwenye pakiti ya biskuti. Mwenye duka akanitania, "Mwalimu, unanunua ama unasahihisha?" Nikacheka, nikairudisha. Ilikuwa na unga wa maziwa, na maziwa hata tone hunivimbisha midomo. Siku hizi hujificha kwenye mkate, kwenye soseji, hata kwenye mafuta ya kujipaka.

Zamani, rafiki yangu, yalijificha kwenye mboga. Nyanya yangu alichemsha chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, akaitia maziwa na kuiacha mekoni polepole mpaka uchungu uishe na maziwa yasionekane tena. Tuliila na ugali wa wimbi, vidole vikiungua. Ee, ilikuwa tamu! Maziwa ya kikombe niliyakataa tangu utotoni, kwa hiyo hakuna aliyeyashuku.

Vipele viliponitoka, nyanya alikuwa na jibu: jicho baya. Kwetu husemwa kuna watu ambao wakimtazama mtoto, vitu vidogo humnasa ngozini, na dawa ni kumsugua siagi mpaka vitoke. Basi nikasuguliwa siagi ya ng'ombe wetu, nikazidi kuvimba. "Mnaona?" nyanya alisema. "Jicho hili ni kali."

Lawama zikamwangukia jirani yetu, mama mpole aliyepitia kwetu jioni tukila, akitoka kuchuma majani chai. Wanawake wakaacha kumpa watoto wao awabebe. Tukikutana njiani alisimama kando, akageuza uso mpaka nipite. Nami nilimkimbia, mimi niliyekula ndizi zake za kuchoma tangu nikitambaa, na hazikunidhuru hata siku moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilikuwa mtu mzima daktari mmoja mjini Kisii aliponipima na kunieleza kwamba ni maziwa. Hata hivyo, kwa jirani nilienda mwaka jana tu. Nilimkuta uani anapepeta wimbi, amezeeka, na wengi wa wale waliomsema wameshazikwa. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mimi nilijua macho yangu hayana kitu," alisema. "Hayo ungeyasema nyanyako akiwa hai, asikie."

Nyanya alipokufa nilikuwa nimeijua kweli kwa miaka sita, na kila aliponipakulia mboga nilimwambia nimeshiba.