Siku Mama Alipokataa Kulala Kambini

Nilipopata nyumba ya kupanga ndani ya kambi ya zamani ya askari wa farasi, niliona Mungu amenikumbuka. Tangu afike kutoka Bukavu, Mama alikuwa akilala kwenye kochi la sebule yangu, juu ya duka la samaki wakavu la barabara ya Chaussée de Wavre, huku ughaibuni, nami sikuwa na mlango hata mmoja wa kujifungia nikachoka peke yangu. Mwenye nyumba alitaka jibu siku ile ile.

Sasa Mama naye! Alifika langoni, akaitazama ile minara miwili ya matofali mekundu, akagoma.

“Miye nilikimbia basoda miaka yote, alors leo mutoto wa tumbo yangu ananipeleka kulala kwao?”

“Maman, basoda na farasi yabo balishaenda. Sasa ni nyumba ya bantu.”

“Basoda habaendake. Banajificha.”

Mzoea punda hapandi farasi, nikasema moyoni, nikamvuta mkono hadi uani. Huko nikajitia mwalimu wa historia. Nikamweleza kwamba vyumba vya chini vilikuwa mazizi, ndiyo maana milango ni mirefu, mtu apite bila kushuka kwenye farasi wake. Zile pete za chuma ukutani, ambazo wanafunzi waliopanga humo sasa wanafungia baiskeli, zilikuwa za kufungia farasi. Askari walilala juu, madirisha yakitazama uwanja wa gwaride, ili mkubwa akisimama katikati amwone kila mvivu.

“Donc unanileta pahali pa kuchungwa,” akasema Mama.

Historia yangu ilikuwa inaniharibia mambo.

Hapo ndipo fundi mmoja alipoanza kuteremsha kitambaa kutoka kwenye mlingoti wa katikati. Lilikuwa tangazo la soko la jibini. Mama akaganda. Kwetu, bendera ya kambi ikishushwa, njia nzima husimama: mwenye baiskeli, mwenye mzigo kichwani, hata wanaokwenda kuzika. Ukitikisika, fimbo.

“Simama! Usitikisike!” akaninong'oneza kwa ukali.

Nami, mtu mzima mwenye ndevu na mkoba wa ofisi, nikasimama wima, mikono mapajani, nikiheshimu jibini. Msichana mmoja mwenye kahawa alipotuona akasimama naye, kwa tahadhari tu.

Kicheko kilinipanda hadi kooni. Kisha nikahisi vidole vya Mama vimeng'ang'ania mkono wa koti langu. Kicheko kikafia hapo hapo, nikaona aibu.

Kamba ikamponyoka fundi. Kitambaa kikaanguka pwaa kwenye matope. Mama akafumba macho. Fundi akatukana kidogo, akafutia mikono yake kwenye kitambaa chenyewe, akakitupa kwenye toroli na kwenda zake akipiga mluzi.

Mama akafumbua jicho moja. Akatazama lango, akatazama madirisha yote ya juu.

“Njo vile tu? Hakuna muntu anakuya kumupiga?”

“Hakuna, Maman.”

Akaniachia. Akatembea polepole hadi katikati ya uwanja, akajiweka sawa kitenge, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikubwa cha makusudi, kikagonga kuta zote nne na kurudi. Akasubiri. Hakuna aliyetokea.

“Papa yako balimupiga juu ya hivi tu,” akasema. “Drapeau ya kambi ilikuwa inashuka, akakohoa.”

Sikuwahi kulisikia hilo.

“Bon,” akasema Mama. “Chumba yangu iko wapi?”