Muua Mama na Simfonia Yake

Mtaani Analco, mjini Guadalajara, Crisóforo Anguiano alikuwa na jina ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya mama yake: Muua Mama. Si kwamba aliwahi kumgusa mtu hata kwa ukucha. Alikuwa mtunzi wa muziki na mwongoza okestra, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Ila enzi zile akina mama walikuwa wakifa kwenye sinema za Meksiko kama kuku wa kideri, na kila mmoja alipokata roho, fidla zilizomlilia zilikuwa za Crisóforo.

Safari yenyewe ilianza kwa heshima zake. Mama yake, Doña Tranquilina, mjane aliyeuza pozole, supu ya mahindi na nyama, sokoni, alimsomesha muziki kwa jasho na mvuke wa sufuria mpaka akamfikisha mji mkuu. Huko kijana akaanza kutunga simfonia. Akaapa kwamba siku moja itapigwa yote, kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho, ukumbini, watu wametulia tuli, na mama yake ameketi safu ya mbele. Hakuwa na ndoto nyingine. Wenzake walitaka nyumba na wanawake. Yeye alitaka hilo tu.

Ndipo akatokea Don Baldomero Iturbe, mtengenezaji wa filamu, nyuma ya moshi wa sigara yake nene.

"Maestro, nina mama anakufa Alhamisi. Nipe kitu cha kuwaliza watu."

"Muziki haukaangwi kama yai, Don Baldomero."

"Haya. Basi nimpe yule mpiga kinanda wa hotelini, yeye anakaanga."

Crisóforo, kwa wivu, akachomoa kipande cha sehemu ya pili ya simfonia. Kidogo tu, alijiambia, halafu nitakirudisha. Loo! Chovya chovya humaliza buyu la asali, na Don Baldomero hakuwa mtu wa kuchovya kwa kidole. Alikuja na kijiko.

Nchi ikalia mpaka ikavimba macho. Kila Sikukuu ya Mama ilipokaribia, Don Baldomero alibisha hodi na maiti mpya: mama kipofu, mama dobi, mama aliyemtupa mwanawe kanisani akaja kumtambua kwa alama ya shingoni. Sehemu ya kwanza ya simfonia ikaenda kwa majambazi na farasi. Ya tatu ikaenda kwenye harusi inayovurugwa na mlevi. Hata ule ukimya mrefu wa kabla ya sehemu ya mwisho, aliokuwa akijivunia kuliko noti zote, akautoa. Muziki unakatika, mama anawatazama wanawe, anafumba macho, ndipo fidla zinaingia. Studioni Crisóforo alisimama na kijiti juu, macho kwenye skrini, akingoja kope zishuke. Zikishuka, naye anashusha mkono. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka mkono ukawa haujui njia nyingine.

Doña Tranquilina alizihudhuria filamu zote, maana mtoto ni wake. Ila mama wa kwenye skrini akianza tu kukohoa, yeye alijifunga shali yake akatoka nje.

"Mama, jamani, si umalizie?"

"Nimalizie nini? Nijitazame nikizikwa? Umeniua kwa kifua kikuu, umeniua kwa gari moshi, mwaka jana umeniua kwa aibu! Majirani wanakuja kunipa pole huku nakoroga sufuria. Sikiliza, Crisóforo: haya macho yangu, wewe hutayafumba."

Mvi zilikuwa zimeshamwota Crisóforo ndipo ukumbi mkubwa wa Guadalajara ulipokubali kuipiga simfonia, yote, bila farasi wala maiti. Maestro hakupata usingizi kwa furaha. Alimshoneshea mama yake gauni jeusi na kumkalisha safu ya mbele, katikati. Kisha akachungulia kupitia pazia akaona roshani ya juu imefurika watu wa Analco, wana leso mkononi na mbegu za maboga za kukaanga mfukoni.

Sehemu ya kwanza ilipoanza tu, wa roshani wakatambua mbio za majambazi wakapiga miluzi. "Nyuma yako, mpumbavu, nyuma yako!" mtu akapaza sauti. Ya pili, vilio. Ya tatu wakamzomea mlevi asiyekuwepo. Wakubwa wa viti vya chini waligeuka kwa ghadhabu, ingawa wake zao nao walikuwa wakifuta machozi. Crisóforo aliongoza huku masikio yanamwaka moto.

Ukaja ule ukimya. Akainua kijiti, akainua macho, akangoja kope zishuke.

Mbele yake palikuwa na ukuta.

Aliutazama ukuta. Mkono uligoma. Alijua kabisa la kufanya, na mkono ulijua kwamba mama hajafumba macho. Leobardo, mpiga fidla wa kwanza, akanong'ona, "Maestro, tuingie?" Ukimya ukarefuka kupita ukimya. Huko juu, watu walifanya wanachofanya siku zote sinemani filamu ikikatika: wakamtukana mwendesha mashine kwa jina lake la utani la sinemani.

"Cácaro! Wee Cácaro! Amka, turudishie picha!"

"Cácaro!" ikaitikia roshani nzima kwa kupiga miguu.

Maestro akageuka, jasho linamtiririka, kijiti bado kiko juu. Macho yake yakakutana na ya mama yake, makavu, yamemkodolea. Doña Tranquilina aliutazama ule mkono ulioganda. Akamtazama mtoto wake, akaona ameshapotea. Akashusha pumzi, akapiga ishara ya msalaba, akaegemeza kichwa kwenye bega la bwana asiyemjua.

Akafumba macho.

Kijiti kikashuka. Fidla zikaingia, na roshani ikanyamaza kimya, kwa sababu safari hii mama alikuwa wa kweli na walikuwa wakimjua.

Mwisho wake watu walishangilia kwa fujo. Don Baldomero alipanda jukwaani akitaka kujua kama yule bibi ana mkataba. Crisóforo alimpita, akateremka, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama. Mama!"

Jicho moja likafunguka. "Usipige kelele. Nimekufa mara moja tu, ukirudia nitakufa kweli nikukomeshe."

"Na muziki, mama? Umeusikia?"

"Nimeusikia." Akamfuta jasho kwa ncha ya shali. "Huwa natoka kabla, unajua. Kumbe una mwisho mzuri hivi."

Aliyeiliza nchi nzima akauficha uso mapajani mwa mama yake akalia kwa sauti, mbele za watu, bila fidla hata moja.

"Haya, inuka," alisema Doña Tranquilina. "Twende tukale, kufa kunatia njaa."