Nguva wa Nukta Sita

Kila asubuhi, kabla hajaweka maji ya kahawa motoni, Solvej Albertsen hukaa dirishani na mkasi wake wa kucha, akachukua karatasi ya matangazo ya duka, akaikunja mara mbili na kukata kitu kimoja tu: jani, nyota, samaki. Hukifunua, hukitazama kwenye mwanga, kisha hukitupa jikoni pamoja na kuni. Anasema anaamsha vidole. Ana miaka sabini na mitatu, na vidole hivyo vilikanda unga miaka thelathini na mmoja katika duka la mikate hapa Marstal, mji wetu wa bandari, mpaka lilipofungwa.

Mimi nimepanga chumba chake cha juu tangu nilipopata kazi maktaba. Hatuzungumzi sana. Nilichokijua juu yake nilikijua kwa kukaa naye meza moja, kila mtu na kikombe chake.

Theluji ikianza kuyeyuka, matangazo huwekwa kando na karatasi nzuri nyeupe hutolewa. Ndio msimu wa barua za fumbo. Unakata karatasi mpaka iwe kama lesi, unaandika ubeti, unatia ndani ua jeupe la kwanza la bustanini, na mahali pa jina unaweka nukta, moja kwa kila herufi. Aliyeipata akikutambua, unampa yai la Pasaka. Asipokutambua, yeye ndiye anayekupa.

Solvej hukata nguva, kwa kuwa mama yake alikata nguva. Karatasi ikifunuliwa huwa wawili wanaotazamana, mikono imegusana pale kwenye mkunjo, na mkasi ukiteleza hapo wanaachana na kazi yote imeharibika. Kwa miaka kumi na miwili amempelekea mtu mmoja, Asger Kromann, nahodha mstaafu aliyesoma naye darasa moja. Alianza mwaka ule mke wa Asger alipokufa. Na kwa miaka kumi na miwili Asger amemtaja Lisbet kuwa ndiye mwandishi.

Huwezi kumlaumu. Lisbet, mjane mwenye kicheko kikubwa, alikuwa akiogelea baharini hata Januari, na mji mzima ulimwita nguva. Jina lake pia lina herufi sita. Asger alipomtaja mara ya kwanza, Lisbet alicheka, hakukana, akampa yai. Ikawa hivyo kila mwaka.

Lakini mwaka huu Lisbet alikuwa amehamia Odense kwa binti yake. Solvej alikata barua ile kwa siku nne. Safari hii kila nguva alishika kringle mkononi, mkate ule uliosokotwa kama fundo, ambao Asger aliununua kwake kila Jumamosi alipokuwa nchi kavu. Chini akaandika kwa herufi kubwa: *Nukta sita ndizo jina langu, zihesabu, rafiki yangu.* Akanipa nikaitumbukize mlangoni kwa Asger, yeye mwenyewe asionekane. Alipokuwa akiifunga bahasha niliona amechana nywele kama mtu anayetoka.

Alhamisi wazee hunywa kahawa katika ukumbi wa kanisa, nami huwapelekea vitabu vya maandishi makubwa. Asger alikuwa ameileta barua, inapita mkono kwa mkono. Villads, aliyewahi kuwa mpishi wake melini, alisema nahodha apimwe, umri huu kupata barua za mapenzi ni dalili ya ugonjwa. Watu wakaanza kutaja wanawake wa mji, hata waliokufa. Solvej alikuwa akimenya karatasi ya keki yake polepole. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

Asger aliinua barua dirishani. Akaitazama kwa muda, kisha akamgeukia.

"Solvej wewe," alisema. "Nimekukamata."

Solvej aliweka keki chini.

"Lisbet amekutumia wewe uniletee. Mlikuwa majirani, angempa nani mwingine? Tazama hapa, kamshikisha nguva boya. Anajua nilivyokuwa nikimgombeza aogelee na boya."

Villads akasema lile ni boya kweli, tena limepinda, Lisbet hakuwahi kujua kuchora. Watu wakacheka. Asger alikuwa na uso wa kijana. Akasema aliogopa mwaka huu hatapata kitu, Odense ni mbali, watu wakihama husahau.

"Mwambie nasubiri yai langu," alisema.

"Nitamwambia," alisema Solvej.

Nilifikiri ataliacha jambo liishie hapo. Lakini wiki ya Pasaka nilimkuta jikoni anafunga yai la chokoleti kwa karatasi ya buluu, kubwa kuliko yote yaliyokuwa dukani. Alhamisi ile aliliweka mbele ya kikombe cha Asger na kusema limefika. Asger hakulifungua. Alilishika kwa mikono miwili, akauliza kama Lisbet hajambo, kama huko wana mahali pa kuogelea. Solvej akajibu kwamba wana mfereji.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa njia ya bandarini, mimi nimebeba kikapu cha vitabu. Upepo ulikuwa mkali mpaka tukafika kwenye lango letu. Mimi si mtu wa kuwauliza watu mambo yao. Lakini lile sikuweza kulinyamazia.

"Bi Solvej, kwa nini hukumwambia ni wewe?"

Alikuwa akitafuta ufunguo mfukoni.

"Ulimwona alivyofurahi," alisema. "Angejua ni mimi, angeshukuru tu."