Santuri ya Kwenda Mazishini

Jumatano nilikuwa Thika kwenye duka la santuri na taa, nikingoja muuzaji anipigie moja niisikie, maana hakuna anayenunua santuri hivi hivi. Akaingia mama mwenye kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, akaomba ile ya mpiga gitaa wa Ruiru aliyefariki juzi. Mnamjua: yule aliyeimba habari za wake za watu, wahubiri wakamlaani, vijana wakamwiga mpaka kofia.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akichagua taa akashtuka. "Ngai! Mama, wewe na uchafu huo?"

"Ni mtoto wa dada yangu. Tunamzika kesho, na kwaya yenu imekataa kumwimbia."

"Na ina haki! Upande wa pili, ubeti wa tatu, ni aibu tupu."

Mama akamtazama toka utosini hadi viatuni. "Kumbe ulivumilia mpaka ubeti wa tatu, mzee?"

Sisi wengine tukatazama dari. Mama akaifunga santuri ndani ya leso, akaipakata. "Gramafoni nimeshaazima. Kwaya ikinyamaza, atajiimbia mwenyewe. Pande zote mbili."

Nimegundua kwamba hakuna anayemsikiliza mwimbaji kwa makini kuliko anayemlaani. Mama alipofika mlangoni, mzee alivua kofia, akamwita kwa sauti ya chini.

"Mama, ngoja. Chukua na sindano mpya ya gramafoni. Ile kuukuu huikwaruza santuri hiyo pale pale kwenye ubeti wa tatu."