Kumi juu ya Kumi

Hapa kwetu mjini Baraka, kando ya ziwa, sifa ya shule haitoki kwa mkaguzi. Inatoka kwenye karai la mandazi. Nasema hivyo kwa sababu karai lenyewe ni langu. Kila asubuhi niko kando ya barabara, wazazi wanapita na watoto wao, na huku wakingoja mandazi yaive wananiuliza shule ipi ni nzuri. Nami, Mungu anisamehe, sijawahi kukosa jibu.

Shule ya serikali iliyo nyuma ya soko nilikuwa nimeimaliza kwa maneno manne. Mabati yake yametoboka, watoto wanabanana wanne wanne kwenye benchi, na wengine wanakuja na vigoda vya nyumbani. Siku moja mteja aliuliza wanajifunza nini pale. Nikamjibu, "Banahesabu misumari ya paa."

Watu walicheka, nami nikacheka nao mpaka mandazi yakaungua. Haikupita muda, mama mmoja aliyetoka Lusenda kuuza maharage akaniambia kwa huruma kabisa kwamba hapa mjini kuna shule ambapo watoto wanahesabu misumari kutwa nzima, nijihadhari nayo. Nilimshukuru. Cha ajabu ni kwamba tangu siku ile hata mimi nilianza kuamini. Ulimi hauna mfupa, lakini una miguu.

Binti yangu basi sikumpeleka pale. Nilimweka shule ya kulipia kando ya barabara kubwa, yenye ukuta wa buluu na kipaza sauti. Wifi yangu ndiye aliyenishauri, kwa kuwa wanawe wanasoma huko. "Kitu ya bure haina mwenyewe," alisema. Binti akamaliza mwaka wa pili na asilimia themanini na mbili. Siku ya kutangaza pointi nilimmwagia poda kichwani, kama tunavyomfanyia mtoto aliyefaulu, mpaka akapiga chafya. Kisha nikampitisha njia ndefu ili mtaa mzima umwone.

Likizo ilikuwa bado mbichi mama yangu alipotuma gunia la ndagala, dagaa wakavu wa ziwani. Yeye anaishi Ubwari, ng'ambo ya ghuba, na mzigo wake huja kwa boti pamoja na karatasi inayoeleza nani apate nini. Hajui kuandika, jirani yake ndiye anayemwandikia. Siku hiyo nilikuwa nakanda unga.

"Nisomee," nilimwambia binti. "Mikono yangu iko na unga."

Aliitazama karatasi, akameza mate, akaanza. "Bibi anasalimia bote. Ndagala yote ni ya mama."

Namjua mama yangu. Huyu ni mtu anayegawa hata ndizi moja kwa watu watatu. Tangu azaliwe hajampa mtu mmoja kitu chote. Nikanawa mikono, nikaichukua karatasi. Nusu ya ndagala ilikuwa ya dada yangu aliyeko Fizi, robo ya kanisa, na sisi tupate kilichobaki. Chini kabisa paliandikwa: "Mujukuu wangu aniandikie barua yeye mwenyewe. Nimesikia anaongoza darasa."

Nikamtazama binti. Yeye aliitazama miguu yake.

"We hujue kusoma?"

"Herufi mi najua, mama. Zikikutana ndio zinanishinda."

Nilileta madaftari yake. Kumi juu ya kumi, kumi juu ya kumi, wino mwekundu kila ukurasa. Chini ya wino huo, tisa na sita ilikuwa kumi na nne, na imepewa alama ya sahihi. Imla ilikuwa herufi zilizomwagwa tu kama mchele. Hasira ilinipanda, kwanza juu ya shule, halafu juu yangu. Mwaka mzima nilikuwa nikitazama wino mwekundu, sikutazama kilichoandikwa chini yake.

Sasa, mandazi yangu nayafunga kwa karatasi za madaftari ya zamani, ninayoyanunua sokoni kwa mafungu. Miaka yote nilikuwa nikiyachana bila kuyasoma. Alasiri ile nilitandika mkeka, nikaanza kusoma. Madaftari ya ukuta wa buluu yalikuwa yanang'aa kama ya binti yangu. Kisha nikafika kwenye fungu moja lililoandikwa kwenye jalada jina la shule ya misumari. Mwalimu wa pale hakuwa na huruma na wino. Amekata hesabu, akaiandika upya pembeni, akaweka "Rudia." Kesho yake mtoto amerudia, amekosa tena, mwalimu amekata tena. Nne juu ya kumi. Tano. Tatu, jamani. Sita. Na mwisho wa ukurasa: "Sasa ndiyo." Nilikaa pale mpaka unga wangu ukaumuka ukamwagika.

Shule zilipofunguliwa nilimshika binti mkono, nikaenda nyuma ya soko. Direkta, mkuu wa shule, alituonyesha mlango wa mwaka wa tatu. Mwalimu alipogeuka, nilitamani ardhi inifiche. Alikuwa mteja wangu, yule mtu mkimya anayenunua mandazi mawili kila asubuhi. Siku niliyotoa mzaha wangu alikuwa amesimama pale pale, anangoja chenji.

"Misumari tulimaliza kuhesabu, mama," alisema. "Sasa tuko kwenye mabati."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa na haya kweli, si ya kuigiza. Alimpa binti kitabu, akainama amsikilize. Mstari mmoja ulichukua muda wa kukaanga karai zima. Hakumkatiza hata mara moja.

"Nitamutafutia nafasi," akasema, "lakini kwa mwenzangu, mwaka ya pili. Arudie."

Arudie! Na poda ile? Na njia ndefu ile? Nilimwona wifi yangu kabisa, jinsi atakavyoshika kiuno. Nikamvuta binti twende nyumbani. Mlangoni aligoma.

"Niache hapa, mama. Huyu amenisikiliza mpaka mwisho."

Nikamwacha.

Mwaka ule wateja walipouliza habari za shule, niliwaambia wafungue madaftari ya watoto wao kwanza. Jibu hilo halichekeshi mtu, na nadhani lilinipotezea wateja kadhaa. Siku ya kutangaza pointi, binti alipata asilimia hamsini na nane.

"Kule kwetu alikuwaka na makumi nane," wifi alinikumbusha, akiwa ameshika kiuno.

Nilimaliza kopo zima la poda. Njia ndefu tuliipita tena, mara hii polepole.

Jioni ile binti aliomba karatasi. Aliandika akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, ulimi nje, na hakutaka nisogee. Kabla ya kuipeleka botini alinisomea: "Bibi, mi siongoze darasa. Nilirudia mwaka. Lakini hii barua hakuna mwenye amenisaidia kuiandika."

Boti ilirudi baada ya siku chache na gunia dogo. Binti alilifungua, akatoa karatasi, akaisoma bila kumeza mate.

"Bibi anasalimia bote. Hizi ndagala, yote ni ya mujukuu wangu."

Mikono yangu ilikuwa na unga tena. Nilinawa, nikaichukua karatasi, nikaisoma mwenyewe tangu juu hadi chini. Ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo.